Vitunguu vya Maua ya Vuli, Chake Chake: Shajara ya Bustani 2023–2024

Shajara hii ni ya mtu anayetaka kupanda maua ya vitunguu huku visiwani akakuta kila maelezo yanaanza na baridi. Ulaya wana kundi zima la vitunguu vinavyochanua joto linapoanza kushuka, mwezi wa 9 hadi wa 11: zafarani, nerine, kolchikamu na wenzao. Ratiba yao ni moja: kulala kwenye ukavu, kisha kuamshwa na ubaridi na mvua. Pemba hata kipupwe cha Julai usiku hauteremki sana chini ya nyuzijoto 20, kwa hiyo nusu ya ratiba hiyo hatunayo. Nusu ya pili tunayo: ukavu wa baina ya masika na vuli, halafu mvua. Nilitaka kujua kama nusu hiyo peke yake inatosha, na inatosha kwa vitunguu vipi.

Mahali ni uwanja wa nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Chake Chake. Udongo ni kinongo, una mteremko mdogo, jua la asubuhi mpaka alasiri, na upande mmoja una kivuli cha mwembe. Kazi yangu ni vikuba (vishada vya maua ya kunukia) na mapambo ya harusi, basi sikutafuta maua ya kutazama tu.

Februari 26, 2023. Kuchagua

Majina ya kitaalamu nayaandika mara moja, kwani mtaani kila mtu ana jina lake na muuza miche anaweza kukupa chochote chenye majani marefu.

Zefirante nyeupe (Zephyranthes candida), asili yake Amerika ya Kusini, upande wa mto La Plata. Zefirante ya waridi (Zephyranthes rosea), ya Karibea. Tuberosi (Agave amica, zamani Polianthes tuberosa), ya Meksiko, harufu yake inazidi usiku. Wahindi wanaiita rajanigandha. Ua la buibui (Hymenocallis littoralis), jeupe, petali nyembamba ndefu, halijali upepo wa bahari. La tano ni la barani kwetu Afrika: Scadoxus multiflorus, lenye kichwa chekundu cha mviringo kinachotoka ardhini kabla ya majani. Hilo nimepewa na mjomba wangu shambani kwake, lilikuwa linaota chini ya migomba. Usiende kulichimba Ngezi. Ule msitu ni hifadhi, na kitunguu chenyewe hakipendi kuhamishwa, kama utakavyoona mbele.

Tuberosi vitunguu 20 kwa shilingi 1,500 kimoja, 30,000. Zefirante nyeupe viriba 6 kwa 3,000, 18,000. Za waridi na ua la buibui nimegaiwa na majirani. Nauli ya boti sihesabu, Unguja nilikwenda kwa mambo yangu mengine.

Machi 12, 2023. Udongo

Kabla ya kupanda chochote, chimba shimo la futi moja, lijaze maji, yaache yanywe, kisha lijaze tena na utazame saa. Shimo langu la juu ya mteremko lilikauka kabla sijamaliza kufua. La chini, karibu na mfereji wa maji ya mvua, lilikuwa bado na maji baada ya adhuhuri. Kitunguu cha maua kikikaa ndani ya maji kiasi hicho kinaoza, hakuna dawa.

Kwa hiyo nimeinua matuta, futi moja juu ya ardhi, nikazuia pembeni kwa mawe. Mchanganyiko: kinongo mafungu mawili, mchanga fungu moja, samadi ya ng'ombe iliyokaa nusu fungu. Mchanga nimenunua wa shimoni, gari dogo moja, 40,000, samadi 8,000. Msichote mchanga wa ufukweni. Kwanza hauruhusiwi, pili umejaa chumvi na vipande vya kombe.

Kwa vyungu vya barazani nimetumia vumbi la makumbi ya nazi badala ya kinongo, maana ni jepesi na linashika unyevu bila kutuama. Nimelipata bure kwa akina mama wanaosokota kamba. Karibu nusu ya kila chungu ni vumbi hilo.

Aprili 9, 2023. Mambo mawili mabaya

La kwanza ni vyungu. Zefirante za barazani zimekauka ncha, kahawia kabisa, na ukavu unateremka na ukingo wa jani. Nikafikiri ni jua, nikazisogeza. Nikafikiri ni kiu, nikazidisha maji. Zile za kwenye matuta, ambazo pia zilipata vumbi la makumbi kidogo, zilikuwa kijani kizuri.

Bibi aliyenipa vumbi alipita kuniuliza habari za saumu, akaviona vyungu, akacheka.

"Mwanangu, hayo makumbi yamelala baharini miezi na miezi ndipo tukayapiga. Wewe ulitaka yawe na nini kama si chumvi?"

Kweli, makumbi ya kamba hufukiwa kwenye tope la pwani yalainike, na maji ya bahari yanaingia mpaka ndani ya nyuzi. Matuta yalisalimika kwa sababu masika yameyaosha. Vyungu viko chini ya paa, chumvi imebaki palepale, na kila nilipomwagilia nikaiyeyusha upya ikaenda kwenye mizizi.

Dawa yake: lowesha vumbi ndani ya ndoo ya maji ya mvua usiku mzima, kamua, mwaga, rudia. Ukimaliza, chukua tone la maji uliyokamua uyaonje kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na ladha ya chumvi, rudia tena. Njia ya mvivu, ambayo ndiyo ninayotumia sasa, ni kuliacha vumbi nje ndani ya gunia masika yote. Zefirante nimezing'oa, nimeziosha mizizi na kuzipanda upya. Zimetoa majani mapya.

La pili ni tuberosi. Nilizipanda katikati ya Machi, mvua zikaanza, na sasa majani ya baadhi yake yana manjano na ukiyavuta yanatoka mkononi. Nimefukua zote 20. Tisa zimeoza. Namna ya kutambua: bonyeza kitako cha kitunguu, pale inapoanzia mizizi, kwa kidole gumba. Kizima ni kigumu na kinakataa. Kilichoanza kuoza kinazama kidogo, na ukikikata kina duara la kahawia linalopanda juu kutoka kitakoni. Yenye duara dogo nilijaribu kuyakata na kupaka jivu. Hayakupona hata moja, usijisumbue.

Tuberosi inataka joto na ardhi inayonyauka baina ya maji na maji. Kuitia ardhini masika yanapoingia ni kuitafutia ugonjwa. Kumi na moja zilizobaki nimezianika kivulini, nikaziweka ndani ya pakacha na kulitundika stoo.

Juni 18, 2023. Kulaza

Masika yamekwisha. Sasa ndiyo kazi yenyewe ya maua ya vuli, na haionekani: kuvinyima maji.

Ukavu wetu si mkavu sana. Mvua za mchoo hupita Julai na Agosti, dakika kumi tu na jua linarudi, lakini zinatosha kukiamsha kitunguu nusu na kukiharibia usingizi. Nimejenga kibanda cha miti na makuti juu ya tuta la zefirante za waridi na la Scadoxus. Makuti peke yake yanadondosha. Mvua ndogo ya kwanza imepiga mistari ya matone juu ya tuta. Nimetandika nailoni juu yake, nimeifunga kwa kamba na kuacha pembeni wazi upepo upite. Miti, nailoni na kamba 27,000, kibarua 15,000.

Vyungu vya zefirante nimevilaza ubavu, mdomo ukitazama ukuta, barazani. Mvua ikipiga ya upepo haiingii, na mtoto akija na kopo la maji anaona wazi kwamba hiki hakimwagiliwi. Kwa nyumba yenye watoto wasaidizi, hii ni bora kuliko kibao cha kuandika.

Nimelaza nyeupe na za waridi zote pamoja, na ua la buibui nimelichimba na kulianika kwenye jamvi, kwa kanuni moja ya vyote. Matokeo yatakuja.

Julai 2, 2023. Kuhusu sumu

Kabla ya Idi Kubwa jamvi la ua la buibui lilikuwa ukumbini, karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa hapo ndipo penye hewa. Ganda lake ni la kahawia, ukubwa wa kitunguu maji cha wastani. Mama mkwe alikuja kusaidia kupika, akachukua viwili, akamenya kimoja, akakikata. Nikamsikia anauliza kutoka jikoni:

"Mwanangu, kitunguu gani hiki hakinilizi?"

Nilimkuta ameshakatakata nusu ubaoni. Utomvu ulikuwa unateleza na kunata kwenye kisu, hauna harufu yoyote. Tukatupa, tukaosha ubao kwa sabuni na mikono pia. Biriani ilikuwa ya watu arubaini.

Ua la buibui, zefirante na Scadoxus ni ukoo mmoja, na ukoo wote una sumu ndani ya kitunguu, hasa ile iitwayo likorini. Inatapisha na kuharisha vibaya. Kolchikamu, kwa anayeagiza vitu nje, ni hatari zaidi, tena ua lake linafanana na la zafarani. Tangu siku hiyo kila kitunguu cha maua kinakaa ndani ya pakacha lililofungwa uzi mwekundu, stoo, juu ya boriti. Mbuzi nao nimewawekea uzio.

Agosti 13, 2023. Zafarani

Hii ilikuwa tamaa tu. Mpwa wangu aliyeko Maskati aliniambia anaweza kuniletea vitunguu vya zafarani (Crocus sativus), na kila mtu nyumbani akaanza kuhesabu biriani. Vimekuja 25, kwa kibali cha kuingiza mimea na hati ya afya ya mimea kutoka vinakotoka. Usivifiche ndani ya begi. Ugonjwa mmoja wa udongo ukiingia kisiwani unaumiza mashamba ya watu. Gharama yote pamoja na karatasi, 90,000.

Zafarani haina mbegu. Ni tasa, inazaliana kwa vitunguu tu. Kila ua lina nyuzi tatu nyekundu, na gramu moja iliyokauka inataka maua kama 150. Hata vyangu vyote vingechanua, ni biriani moja, labda.

Jambo lake lenyewe ni hili. Kichipukizi cha ua hujitengeneza ndani ya kitunguu kikiwa kimelala kwenye joto la nyuzijoto 23 hadi 27. Hapo Pemba tunafaa kabisa. Lakini ili ua litoke nje, joto lazima lishuke mpaka karibu nyuzijoto 17, na likae huko. Friji si jibu: chumba chake cha chini kina nyuzijoto 4 hadi 8, kinairuka hiyo 17 na kwenda upande wa pili.

Nimejaribu njia mbili. Kumi nimevitia ndani ya mfuko wa karatasi, droo ya chini ya friji, kirekebishi cha ubaridi kikiwa kimepunguzwa kabisa. Kumi na tano nimevitia kwenye chungu kilicho ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Chombo cha namna hii kinapooza vizuri sehemu kavu, kwani maji yanapokauka yanaondoka na joto.

Oktoba 1, 2023. Zafarani, mwisho wake

Friji: umeme ukikatika, joto linapanda, ukirudi, linashuka, kila mara jasho linatuama kwenye vitunguu. Ukungu wa kijani umekula sita. Tena droo ileile ina maembe na mapapai, na gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huharibu vichipukizi vya maua. Familia nayo imelalamika kwamba barafu za ukwaju hazigandi.

Chungu ndani ya chungu: kipimajoto kilionyesha tofauti ya nyuzijoto 2 tu na nje. Hewa ya Pemba imeshiba maji, mchanga haukauki haraka, basi haupoozi. Sehemu kama Dodoma ningeirudia njia hii; hapa hapana.

Vilivyobaki vimetoa majani membamba ya kijani, marefu, mazuri kabisa, ua hakuna. Baada ya hapo majani yakalala. Nimefunga faili la zafarani, na anayetaka kulifungua awe na chumba chenye kiyoyozi na bili ya umeme ya kuchezea.

Oktoba 22, 2023. Mvua

Nailoni niliiondoa mwanzoni mwa mwezi, nikasubiri. Mvua ya kwanza ya maana imepiga usiku, ikanyesha mpaka alfajiri. Siku ya tatu tuta la zefirante za waridi lilikuwa na ncha nyekundu zimechomoza kutoka kwenye udongo mtupu, nyembamba, bila jani. Siku ya tano asubuhi tuta zima lilikuwa la waridi. Kila ua linakaa siku moja, siku mbili likiwa na bahati, lakini mengine yanapanda nyuma yake. Mvua ya pili ikaleta mkupuo wa pili, mdogo zaidi.

Vyungu vya zefirante za waridi nilivigawa: nusu niliviacha kwenye mvua, nusu nikavimwagilia maji ya kisima kwa kopo siku ileile. Vya mvua vilijaa, vya kopo vilitoa ua moja moja. Halafu nikachukua vya kopo nikavizamisha vizima ndani ya beseni mpaka mapovu yakaisha, na baada ya siku chache vikachanua navyo. Naona tatizo la kopo si maji ya kisima; ni kwamba hayafiki chini. Udongo uliokauka miezi unayakataa maji, yanapita pembeni ya chungu na kutokea tunduni huku katikati pakibaki vumbi.

Sasa yale matokeo niliyoahidi. Zefirante nyeupe zilizolazwa ubavu zimesinyaa. Baadhi zimekufa, nyingine zinatoa majani tu. Viriba viwili ambavyo sikupata nafasi ya kuvihamisha, nikaviacha pale chini karibu na mfereji kwenye unyevu, vimechanua vizuri tangu Septemba, kabla hata ya mvua. Nyeupe ni mmea wa kingo za maji. Haitaki kulala kavu, majani yake ni mabichi mwaka mzima. Ua la buibui ni vivyo hivyo: lile lililoanikwa kwenye jamvi limenuna, halina ua wala dalili yake, na shina ambalo jirani hakulichimba limesimama na maua manne.

Kwa hiyo kitunguu kuwa kitunguu hakumaanishi kinataka ukavu. Kabla ya kukinyima maji, tazama kama kinapoteza majani chenyewe. Cha waridi, tuberosi na Scadoxus, ndiyo. Nyeupe na buibui, hapana.

Novemba 12, 2023. Kiwavi

Mwaka huu vuli imekuja na El Niño, mvua haishikiki. Tuta moja limebomoka upande wa chini na nimelirudisha. Kazi ya mikono nilifanya mwenyewe. Karafuu zimeshika na kila mwenye nguvu yuko juu ya mkarafuu, huwezi kumwita kibarua kwa bei ya Juni.

Tatizo kubwa ni jingine. Majani ya ua la buibui yalianza kuwa na madoa ya kupitisha mwanga, sehemu iliyobaki ngozi tu, kama karatasi ya mafuta. Nikalipasua jani moja kwa ukucha: ndani, baina ya ngozi ya juu na ya chini, viwavi wadogo wamejipanga wanakula nyama ya jani. Siku chache baadaye walikuwa wakubwa, weusi, wenye mapete ya madoa meupe ya manjano, na kichwa cha rangi ya machungwa. Jani wakilimaliza wanateremka kwenye shingo ya kitunguu na kuingia ndani, wakiacha uji unaonuka. Huyu ni Brithys crini, anajulikana Afrika yote kwa kula ukoo huu, na sumu ya kitunguu haimdhuru. Kuku wangu walimtazama wakaendelea na safari.

Nilipiga dawa ya mwarobaini: nusu kilo ya kokwa zilizotwangwa, lita kumi za maji, zilale usiku, zichujwe, sabuni kidogo. Iliwapunguza wale wadogo waliokuwa juu ya jani. Waliokwisha kuingia ndani haikuwafikia, na mvua ikaiosha kila baada ya siku mbili. Kilichofanya kazi ni tochi na mkono. Wakubwa hutoka usiku. Mayai yake yanakaa kwa mafungu upande wa chini wa jani, meupe ya manjano. Unayafuta kwa kidole gumba na umeokoa mmea. Jani lenye madoa ya mwanga nalikata chini kabisa na kulichoma. Kitunguu kilichotobolewa nimekikata shingo mpaka kwenye nyama safi, nikakianika, nikakipanda peke yake mbali. Hicho kimepona, tofauti na tuberosi iliyooza kitako.

Zefirante walizigusa kidogo. Tuberosi hawakuiendea kabisa. Si ukoo wao.

Desemba 3, 2023. Tuberosi

Zile kumi na moja nilizipanda mwisho wa Julai kwenye tuta la juu kabisa, kwenye jua kali, maji mara mbili kwa wiki mpaka mvua iliponipokea kazi. Nane zimetoa mashina, ya kwanza katikati ya Novemba.

Wateja wangu wanauliza swali moja tu: "Linanukia?" Zefirante za waridi, pamoja na uzuri wote ule, zimeshindwa hapo. Hazinukii, na ukizichuma zinafunga kabla hujafika nyumba ya harusi. Tuberosi moja ikikaa chumbani usiku huhitaji udi. Ua moja moja, likichumwa kwenye shina, linaingia ndani ya kikuba pamoja na asumini na rehani na linadumu mpaka asubuhi. Mashina manane nimeyauza yote kwa 2,000 kila moja, na bi harusi mmoja aliomba kitunguu chenyewe. Sikumpa.

Kata shina asubuhi mapema, maua mawili ya chini yakiwa yameanza kufunguka. Ukikata yote yamefumba, ya juu hayatafunguka.

Mei 5, 2024. Masika ya pili

Ya katikati kwa ufupi: tuberosi imezaa watoto wengi pembeni, kitunguu kilichokwisha kutoa ua hakitoi tena, ni wale watoto wanaoendelea. Zefirante nyeupe nimezihamishia zote chini karibu na mfereji na zimefunika ardhi.

Mvua za mwaka huu zilikuwa nzito, halafu kikatangazwa Kimbunga Hidaya, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama. Nailoni niliivua mapema nikaikunja ndani. Tuberosi safari hii hazikuwa ardhini. Zilikuwa stoo tangu Machi kabla ya mvua, na nilipofungua pakacha hakuna hata moja laini.

Novemba 24, 2024. Vuli ya pili na hesabu

Scadoxus mwaka jana haikufanya lolote ila majani. Nilisoma kwamba inasusa ikihamishwa, nikaiacha chini ya mwembe, kavu chini ya kibanda, bila kuifukua. Mwezi uliopita, kabla ya mvua kushika vizuri, vilitoka vichwa vitatu, kila kimoja ukubwa wa chungwa kubwa, bila jani hata moja. Majani yamefuata baadaye. Vikifunga tunda jekundu, menya nyama, osha mbegu na uipande mbichi hapohapo juu ya udongo, ikikauka haioti.

Ua la buibui, ambalo sikulichimba wala kulinyima maji, limechanua tangu Septemba. Kiwavi alirudi, nilimkuta kwenye hatua ya mayai.

Vuli hii mvua ni chache kuliko ya mwaka jana, na zefirante za waridi zimechanua zaidi, nadhani kwa sababu kila mvua ilifuatiwa na jua la kukausha. Mwaka jana udongo haukupata kukauka baina ya mvua na mvua, na baada ya mkupuo wa pili ziliota majani tu.

Tuberosi zimetoa mashina 19, yote yameuzwa kwa 2,500 kila moja. Nimeuza pia vyungu kumi vya zefirante nyeupe kwa 5,000 kimoja.

Matumizi ya miaka miwili bila zafarani: tuberosi 30,000, zefirante 18,000, mchanga 40,000, samadi 8,000, kibanda 27,000, kibarua 15,000. Jumla 138,000. Mapato: 16,000 za mwaka wa kwanza, 47,500 na 50,000 za mwaka huu. Jumla 113,500. Bado natafuta 24,500 niwe sawa, na zafarani 90,000 nimezisamehe.

Watoto wa tuberosi wenye unene wa kidole gumba ndio watakaochanua mwakani; wembamba kuliko hapo watake wasitake watangoja vuli ya 2026. Nimewatenganisha kwenye mapakacha mawili, na tuta la juu nitaliongeza urefu kabla ya Julai.